Kando ya ziwa, toka Bukavu mpaka Minova: barabara, mteremko na bei ya muzigo

Katika mikutano yetu na kooperative za Kabare na Kalehe, swali moja linarudi kila mara: kwa nini muhogo ule ule, maharagi yale yale, yana bei ndogo sana shambani na bei kubwa sana Kadutu? Wengine wanasema ni wanabiashara. Wengine wanasema ni bariere. Wengine wanasema ni barabara. Mwezi wa tisa, wakati wakulima walikuwa wanapanda maharagi ya saizoni A, tulipanda gari watatu, dereva, agronomu na mwandishi, tukafuata barabara hiyo kando ya ziwa Kivu, kituo kwa kituo. Tulitaka kuangalia muzigo kwa macho ya mwenye muzigo.

Barabara yenyewe kwenye karatasi ina jina kubwa: barabara ya taifa namba 2. Inaunganisha Bukavu na Goma kwa kilometa karibu 200, na mahali pengi ziwa liko upande wa kuume wa mtu anayekwenda kaskazini. Mgeni angesema ni matembezi mazuri. Maji ya buluu, Idjwi inaonekana ngambo, migomba imeshuka mpaka ufukoni. Ni kweli, ni nzuri. Lakini mama aliye na vitunga viwili vya nyanya juu ya kamiyo haangalii Idjwi. Anaangalia mawingu.

Sehemu ya kwanza tunaipita haraka kwa sababu ndiyo rahisi. Toka Bukavu unapanda kwenda Kabare, unafika Miti, ambapo barabara inagawanyika: mkono wa kushoto inakwenda mbuga la Kahuzi-Biega, Bunyakiri na Walikale, na mbele ni Kavumu na uwanja wake wa ndege, kilometa 30 hivi toka mjini. Huku ni nchi ya migomba, maharagi, ng'ombe na mashamba ya kinkina. Ni pia nchi ya watafiti. INERA iko Mulungu tangu wakati wa Wabelgiji, na hapo ndipo aina nyingi za maharagi ya kupanda juu ya miti zilijaribiwa. IITA iko Kalambo, na inashughulika sana na muhogo na ndizi. Lwiro, mbele kidogo, kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947. Vituo vitatu vya wanasayansi katika safari ya saa moja! Na bado tulikutana, si mbali na vituo hivyo, na mashamba ya muhogo ambayo majani yamejikunja na kuwa ya manjano kwa sababu ya mozaiki.

Tulisimama kwenye shamba moja la namna hiyo. Wenye shamba walikuwa wanakata vijiti vya kupanda tena, na walikuwa wanakata kwenye shina lolote lililokuwa karibu, lenye ugonjwa na lisilo na ugonjwa. Mozaiki inaenezwa na nzi mweupe mdogo, ni kweli, lakini inaenezwa zaidi na sisi wenyewe, tunapobeba kijiti kigonjwa toka shamba mpaka shamba. Agronomu wetu aliwaomba wafanye jambo moja tu: kabla ya mavuno, wakati majani bado yapo, wapite shambani wakifunga kamba au kitambaa kwenye mashina yenye afya. Siku ya kukata mbegu, majani yameshaanguka na mashina yote yanafanana. Kamba ndiyo inakumbusha. Hakuna franga hata moja inayotoka mfukoni.

Baada ya Kavumu, lami inatuaga na udongo unaanza. Katana tulipita hospitali ya Fomulac, tukaingia soko. Hapa ndipo tulianza kuhesabu.

Muzigo wa mkulima hautoki shambani mpaka Bukavu kwa mguu mmoja. Tulifuata kwa mawazo gunia la muhogo mkavu. Kwanza linabebwa mgongoni toka kilimani mpaka barabara, na mgongo huo mara nyingi ni wa mama, na hakuna mtu anayeuhesabia bei. Barabarani linangoja kamiyo au moto. Dereva anahesabu muzigo, anahesabu matope, anahesabu bariere zilizo mbele yake, na bei anayotaja imeshabeba vyote hivyo. Sokoni kuna kodi ya siku, kuna mwenye depo, kuna mwenye kipimo. Na kipimo ni habari yenyewe: mnunuzi anapima kwa beseni yake na anajaza mpaka kilele, lakini mjini anauza kwa kikopo kilichosawazishwa kwa mkono. Ule mlima mdogo juu ya beseni ni wako, ndugu mkulima, na umekwenda bure.

Kuhusu bariere, tusiseme kwa kubahatisha. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walitoa ripoti yao juu ya vizuizi vya barabara katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Walihesabu 798. Vingine ni vya serikali na vina karatasi, vingine ni vya watu wenye silaha, vingine ni kamba tu iliyofungwa kati ya miti miwili na kijana amekaa kivulini. Katika safari yetu sisi tulisimamishwa mara kadhaa, tukasalimiana, tukaonyesha karatasi, tukapita. Gari ya shirika inapita kirahisi. Kamiyo yenye makala na mikungu ya ndizi iliyokuwa mbele yetu haikupita kirahisi, na tuliiacha pale pale, motaboi amesimama na mkono mfukoni.

Kooperative moja ya karibu na Kabamba ilituonyesha jinsi walivyojibu jambo hili. Hawapeleki tena gunia moja moja. Wanakusanya mavuno ya wamemba kwenye depo moja, wanapima kwa mizani yao, wanaandika kilo mbele ya jina la kila mtu, na wanalipa gari moja kwa safari moja. Karatasi ya muzigo inabeba muhuri wa kooperative. Hawakusema kwamba bariere zimekwisha. Walisema kwamba mtu mwenye risiti na muhuri anajadiliana akiwa amesimama, na mtu asiye nacho anajadiliana akiwa ameinama. Na mizani, walisisitiza sana mizani. Waliinunua kwa pesa za AVEC yao, yaani akiba ya kikundi, kabla hata ya kununua bati za depo. (Kwa wale wanaotuuliza kila siku kama wao ni wachache mno kuwa kooperative: Sheria ya OHADA ya mwaka 2010, ambayo nchi yetu inafuata tangu 2012, inakubali ushirika wa kawaida wenye watu 5. Tatizo siyo idadi. Tatizo mara nyingi ni daftari.)

Toka Katana kwenda Ihusi, makao makuu ya teritwari ya Kalehe, milima inasogelea maji. Kwa upande mmoja wa barabara kuna ziwa, kwa upande mwingine shamba linaanza papo hapo na kupanda kama ukuta. Ufukoni wavuvi walikuwa wanatengeneza nyavu zao karibu na mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Usiku wanawasha taa katikati ya ziwa na kuita sambaza. Wachache wanakumbuka kwamba sambaza hakuzaliwa humu: aliletwa toka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye anaokoa sahani za familia nyingi zisizoweza kununua nyama. Asubuhi wamama wanamwanika kwenye mchanga na kwenye nyavu. Waliomwanika juu ya nyavu zilizoinuliwa walikuwa na sambaza safi. Waliomwanika chini walikuwa wanauza sambaza na mchanga pamoja, na wateja walikuwa wanajua.

Halafu tulifika Bushushu na Nyamukubi.

Ndugu wasomaji wengi wanajua kilichotokea pale siku ya nne, tarehe 4 mwezi wa tano 2023. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Mvua ilinyesha, mito ikajaa, na toka milimani yakashuka maji pamoja na matope na mawe makubwa kama nyumba. Zaidi ya watu 400 walizikwa, na wengine wengi sana hawakuonekana tena. Serikali ilitangaza siku ya maombolezo ya taifa tarehe 8. Siku chache mbele yake, mvua za namna hiyo zilikuwa zimeua zaidi ya watu 100 ngambo ya ziwa, Rwanda. Na si mara ya kwanza kwa Kalehe: mwezi wa kumi mwaka 2014, Bushushu ilikuwa imekwisha kupoteza watu na nyumba mamia kwa sababu ile ile.

Miezi minne baadaye, mahali pa soko ni uwanja wa mawe. Barabara imefunguliwa tena katikati yake na magari yanapita pole pole, kama watu wanaopita mbele ya kilio. Mawe mengine yamekwisha kuvunjwa na vijana na kuuzwa kama kokoto. Wamama wamerudi kuuza ndizi na muhogo kando ya mawe hayo hayo. Tuliwauliza kama hawaogopi. Mmoja alitujibu kwa swali: wende wapi, na nani amewatolea shamba kule? Hatukuwa na jibu la kumpa. Udongo mzuri wa tambarare kando ya ziwa, sehemu kubwa ni konsesyoni za tangu zamani. Mkulima mdogo anapanda juu. Kila mwaka anapanda juu zaidi, anakata miti ya mwisho kwa makala, analima toka juu kwenda chini kwa sababu hivyo mgongo unauma kidogo, na mvua inafuata mistari ya jembe lake kama njia iliyotengenezwa.

Hatutaki kusema kwamba wakulima ndio walioleta maafa. Mvua ya siku ile ilikuwa mvua isiyo ya kawaida, na mlima wa Kalehe ni mkali kwa asili yake. Matuta peke yake yasingezuia yale mawe. Nyumba kujengwa ndani ya njia ya mto, hilo ni jambo la viongozi na la sheria ya ardhi, na linabaki juu ya meza yao. Lakini kuna maji mengine, yale ya kila jioni ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja, yasiyotajwa na redio, ambayo yanachukua udongo wa juu kidogo kidogo na kuushusha ziwani. Ukisimama Nyamukubi baada ya mvua ya kawaida, unaona maji ya ziwa karibu na mdomo wa mto yamekuwa mekundu. Ile rangi ni shamba la mtu. Hayo maji tunaweza kuyapunguza mwendo.

Kwenye kilima kimoja juu ya barabara tulikuta kikundi cha watu kama ishirini katika salongo, wengi wao wamama, wanapiga mistari ya kuzuia erozyo. Chombo chao kilikuwa miti mitatu na jiwe. Tunakieleza hapa kwa urefu kwa sababu hakuna fundi anayehitajika.

Chukua miti miwili iliyonyooka ya meta mbili mbili hivi, yenye urefu sawa. Ifunge pamoja upande wa juu, halafu funga mti wa tatu katikati, kama herufi A. Toka juu kabisa tundika kamba yenye jiwe, ipite mbele ya ule mti wa katikati. Sasa weka miguu miwili juu ya vigingi viwili mahali popote, na weka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Geuza chombo: mguu wa kushoto uende mahali pa mguu wa kuume. Weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa wenyewe. Baada ya hapo unatembea nacho kukata mlima: mguu mmoja unabaki, mwingine unatafuta mahali ambapo kamba inasimama kwenye alama ya katikati, unapiga kigingi, unaendelea. Vigingi vikifuatana unaona mstari unapinda pamoja na mlima. Hapo ndipo unachimba mfereji na kurudisha udongo upande wa juu au wa chini, kadiri ya mlima wenu na shauri la agronomu, na juu ya ukingo unapanda kaliandra, setaria au tripsakum. Mteremko ukiwa mkali, mistari inakaribiana. Ukiwa mpole, inaachana.

Kaliandra na majani haya yana sababu ya pili ya kupendwa: mbuzi na ng'ombe wanakula. Tuliona kwamba mistari iliyo hai mwaka wa pili ni ile ambayo wenyewe wanaikata kwa kulisha mifugo. Ile iliyopandwa kwa sababu tu mradi ulilipa siku ya kazi, mingine imekwisha kung'olewa ili kupata nafasi ya muhogo. Jambo hili tumeliona pia mahali pengine, na wenzetu wa mashirika wanalijua vizuri kuliko wanavyoliandika katika ripoti.

Kuna ugumu mmoja ambao wale wamama walituambia wazi. Shamba wanalolima wengi wao si lao, wamekodi kwa saizoni. Wakipanda miti, mwenye udongo anaweza kusema kesho kwamba shamba limekuwa zuri na kulichukua. Kwa hiyo komite yao, kabla ya kupiga kigingi cha kwanza, ilimwita mwenye udongo na shefu wa kijiji, wakaandika karatasi ya miaka kadhaa, kila upande ukabaki na kopi. Tulisoma karatasi hiyo. Ni mistari sita, mkono wa mtu wa darasa la sita. Inatosha.

Nyabibwe tulipita mchana. Ni mji wa machimbo, kasiterite ya Kalimbi imeujenga, na vijana wenye nguvu wako kwenye mashimo kuliko mashambani. Chakula ni ghali, na mkulima wa jirani anayeleta lengalenga, mateke na ndizi anapata bei asiyoipata Katana. Tuliona wachache tu wanaoitumia nafasi hiyo. Upande wa juu ni Numbi, baridi na viazi mviringo, lakini barabara ya kupanda huko ni habari nyingine na gari yetu haikujaribu.

Toka Nyabibwe kuelekea Minova migomba inaongezeka tena, na hapa agronomu alisimamisha gari mara tatu kwa ajili ya mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huu ulionekana Congo mara ya kwanza mwaka 2001, kule Masisi, na toka hapo umeteremka kusini. Majani yanakauka yakiwa ya manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani ni kahawia, na shina likikatwa linatoa usaha wa manjano. Zamani tulikuwa tunawaambia watu wang'oe kisiki chote. Ni kazi ya kuua mtu, na wengi waliacha. Siku hizi shauri ni jepesi: kata lile shina gonjwa peke yake, usawa wa udongo, mara unapoliona, acha mengine, rudia kila juma. Vunja ua la kiume kwa mti wenye panda, siyo kwa panga. Na panga likitumika, lipitishwe motoni au kwenye jik kabla ya kugusa shina lingine. Mkulima mmoja alikuwa na jiko dogo la makala pembeni ya shamba kwa kazi hiyo tu, na jirani zake walikuwa wanamcheka. Migomba yake ilikuwa imesimama.

Minova tulifika saa nane. Ni kilometa 50 hivi tu toka Goma, na ndiyo maana mizigo mingi ya huku inatazama Goma kuliko Bukavu: nyanya, ndizi, muhogo, vyote vinakwenda kwa gari kupitia Sake au kwa boti mpaka soko la Kituku. Boti ni rahisi, na haina matope. Lakini mwezi wa nne 2019 boti ilizama karibu na Kalehe na zaidi ya watu mia moja walipotea, na baada ya hapo ilitangazwa kwamba jile za kuokolea ni lazima. Ufukoni tulizitafuta kwa macho. Tuliona chache.

Ziwa hili wakulima wa kahawa wanalijua kwa machungu. Kwa miaka mingi, hasa wakati wa vita, kahawa ya Minova, Kalehe na Idjwi ilikuwa inavuka usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, kwa bei ya mwizi, na wababa wengi walikufa maji. Kooperative kama SOPACDI hapa Minova, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na CPNCK kule Idjwi, zilijenga vituo vya kusafishia kahawa ili matunda yabaki upande huu. Kazi yenyewe ni ya saa: tunda jekundu lililochumwa asubuhi linapaswa kumenywa siku ile ile. Likilala kwenye gunia linachacha, na hakuna mnunuzi wa ngambo atakayelipa bei nzuri. Kwa hiyo barabara mbaya haiongezi tu bei ya usafiri, inashusha daraja la kahawa. Barabara ndogo ya kilometa tatu toka kilimani mpaka kituo ina maana kwa mkulima wa kahawa kuliko kilometa 150 toka hapa mpaka Bukavu. Tuliona kooperative moja imegawa wamemba wake kwa vilima, na kila kilima kina siku mbili za kutengeneza njia yake kabla ya mavuno ya mwezi wa tatu, na asiyefika anatuma mtu au analipa.

Mwezi wa tisa hakuna mavuno makubwa, kwa hiyo tuliwakuta kwenye pepinyera. Wamama walikuwa wanajaza udongo katika vifuko, na mzee mmoja alikuwa anapogoa mikahawa ya zamani. Alituonyesha mdudu wa antestia, mwenye mgongo wa rangi rangi, anayefyonza tunda na kuacha ile ladha ya kiazi kibichi kwenye kikombe. Shamba lenye giza na matawi yaliyosongamana ni nyumba yake. Shamba lililopogolewa, jua likaingia, anahama. Mzee alikuwa anawatoa kwa mkono, mmoja mmoja, na kuwaweka ndani ya chupa yenye maji ya sabuni. Chupa ilikuwa karibu nusu.

Katika pepinyera ile, kando ya miche ya kahawa, kulikuwa na safu tano za grevilea na kaliandra zisizo za kahawa. Tuliuliza ni za nani. Ni za wale wa Nyamukubi, walisema. Walituma mtu kuomba miche, na bei walipatana ilipwe kwa maharagi baada ya saizoni A. Kamiyo ya kuipeleka walikuwa bado hawajaipata. Tulipima nafasi nyuma ya gari yetu, tukapakia vifuko mia mbili na kidogo, tukafunga turubai, na saa tisa na nusu tukaanza kurudi kabla ya mvua.